Mahari Yangu ni Safari ya Meli, Somo Amenipa Chumba Kisicho na Dirisha

Mpendwa Mama Nzai,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unijibu upesi maana nina mpaka mwisho wa mwezi kuamua, na tafadhali ukiichapa barua hii badilisha majina yetu sote, kwa sababu watu wa kwetu huusoma ukurasa wako kabla hata ya kusoma matangazo ya vifo.

Kwanza nikwambie nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Nimeolewa mwezi uliopita, alhamdulillahi, na mwanamume ambaye nikimtazama anakunywa chai tu natamani kumpigia makofi. Anaitwa Swabir, kwao ni Mkongani, watu wa mashamba, na yeye ni mkuu wa watunza bustani katika hoteli moja kule Galu, na kila jioni akirudi huvua kofia yake taratibu pale mlangoni na ndani ya kofia mna ua, leo asumini, kesho waridi, juzi alileta langilangi nyingi mpaka nikamuuliza kama hotelini wamebakiwa na kitu, naye akacheka, na kicheko chake Mama Nzai, wallahi ningekuwa na namna ya kukitia kwenye bahasha hii ningekutumia. Tangu siku ya nikahi hajaniita kwa jina langu, ni "mke wangu" asubuhi, "mke wangu" jioni, mpaka jirani aliniuliza kama mume wangu amesahau naitwa nani.

Halafu ni mcha Mungu! Siku tuliyokwenda Mombasa kununua kitanda ilibidi tupande feri ya Likoni, kwa sababu yeye kwa kawaida hupenda tuzunguke na barabara ya Dongo Kundu hata kama ni mbali, anasema anafurahia kuyatazama yale madaraja, lakini siku hiyo gari lilikuwa la mjomba na mjomba hana subira, basi tukapanda feri, na ilipong'oka tu Swabir alishika chuma kwa mikono miwili, akafumba macho, jasho linamtoka kwenye paji la uso, midomo inacheza, anamtaja Mola wake mpaka tukafika ng'ambo. Watu wazima wanapiga picha na kutafuna karanga, yeye yuko kwenye dhikri. Nilimpenda maradufu. Na siku tuliyokwenda Bodo kuwaamkia wazazi wangu, kaka yangu Abubakar akamwambia, "Shemeji, hebu twende Funzi mara moja, mashua iko tayari, utarudi na hadithi," Swabir akasema samahani shemeji, nimefunga. Ilikuwa Jumatatu, ni kweli ni siku ya sunna, lakini ni kijana gani wa siku hizi anayefunga Jumatatu nyumbani kwa wakwe na samaki wa kupaka ameshawekwa mezani? Mamangu alilia kwa furaha kwa kupata mkwe wa namna hiyo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Bodo, babangu na kaka zangu wote ni wavuvi, na tangu utotoni nimekuwa nikiziona zile meli za kitalii zikipita mbali, nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa, na mamangu alikuwa akisema, "Humo ndani watu wanalala vitandani, wanaoga maji ya moto, na wali wanaletewa." Basi posa ya Swabir ilipokubaliwa nikaulizwa nataka mahari gani, na unajua mahari ni haki ya bi harusi kutaja apendacho, wenzangu wametaja dhahabu, wengine seti ya makochi, mimi nikasema nataka safari ya meli. Wakadhani natania. Siku ya nikahi sheikh alikuja mpaka nyuma ya pazia na mashahidi wake ili asikie kwa kinywa changu, akaniuliza, "Binti, umeridhia mahari yako?"

"Nimeridhia, sheikh. Safari ya meli, ile kubwa yenye ghorofa."

"Kwenda wapi?"

"Popote, sheikh, mradi nirudi."

Wanawake wakaangua kicheko na vigelegele juu, sheikh naye nikamsikia anajikohoza ili asicheke, halafu akasema ibainishwe kuwa ni ya watu wawili, mke na mume, chumba kimoja, isije ikawa bwana harusi anamtuma mkewe peke yake. Na Swabir akakubali papo hapo. Nimeambiwa na waliokuwa upande wa wanaume kwamba alikubali kwa sauti ndogo, nadhani ni haya.

Aliyetushughulikia safari ni somo wangu, Bi Biasha, yaani huyo huyo aliyenifunda nilipokuwa nawekwa ndani, kwa maana mbali na usomo ana ofisi ya mambo ya safari pale Ukunda, anapeleka watu umra na siku hizi anakata hata nafasi za meli. Swabir mwenyewe ndiye aliyesema tupitie kwake. Nikafurahi, nikaona mambo yamekaa vizuri, mpaka siku aliponiita ofisini kunionyesha kwenye kompyuta chumba chetu kiko wapi ndani ya meli. Mama Nzai, kiko sitaha ya chini, katikati kabisa ya tumbo la meli, na ni cha ndani.

"Somo," nikamwambia, "sioni dirisha."

"Hakina."

"Hata dogo?"

"Kina taa."

"Sasa somo, mtu aende baharini asiione bahari?"

"Bahari umeiona tangu ulipozaliwa, mwanangu. Chumba ni hicho, na usiniulize zaidi. Na kwenye begi lako utie tangawizi na ndimu."

Hapo kwenye tangawizi na ndimu nikaona haya, nikadhani ni katika yale mafundisho yake mengine, nikaaga. Lakini nilipofika nyumbani moyo ukakataa kutulia. Nikawaza labda somo anafuata mambo ya zamani ya fungate, kwamba maarusi wakae ndani siku saba wasionekane na jua, lakini mbona mambo mengine yote ni mtu wa kisasa, simu yake ni kubwa kuliko yangu?

Ujue kwamba mimi nafanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni huku Diani, kwa hiyo mambo ya vyumba nayajua. Kwetu mgeni akija kupitia kwa ajenti hupewa chumba chochote kilichobaki, mara nyingi kile cha nyuma karibu na jenereta, na yule aliyepiga simu mwenyewe tunamfahamu kwa jina, tunajua ni siku yake ya kuzaliwa, na chumba cha mbele kikiwa wazi tunampandisha daraja bila yeye kuomba. Nikamweleza mwenzangu wa mapokezi, Kaluki, ambaye ni Mkamba wa kule Mkomani na haogopi mtu, akanikatiza kabla sijamaliza.

"Wewe Fauzia, ajenti ni wa nini siku hizi? Simu unayo, mdomo unao. Piga kwa kampuni direkti!"

"Ni somo wangu, Kaluki."

"Somo wa ndoa, si somo wa meli! Leta simu hapa."

Tukapiga. Akapokea dada mwenye sauti kama asali, akanipongeza kwa ndoa, akaniambia wana chumba kimoja cha maarusi, sitaha ya juu kabisa, mbele kule omoni, kina roshani yake, mnafungua mlango wa kioo na bahari yote iko miguuni penu, na kwa kuwa ni maarusi, tukilipia chumba cha dirisha tu tutapandishwa daraja mpaka hicho bila kuongeza kitu, pamoja na kapu la matunda. Nikaona kabisa mimi na Swabir tumekaa roshanini, yeye na kofia yake, upepo unavuma. Lakini dada huyo akasema maadamu nafasi yetu iko mikononi mwa ajenti, wao hawawezi kuigusa wala kunijadilia chochote juu yake, mpaka ajenti mwenyewe aiachilie, halafu ndiyo niweke upya kwa jina langu. Chumba cha roshani atanishikia mpaka mwisho wa mwezi.

Kaluki akasema hilo ni jambo dogo, nimwambie Bi Biasha kwamba safari imeahirishwa, Swabir amenyimwa likizo, basi ataachilia nafasi na mimi niweke kimyakimya. "Akikuuliza baadaye," akasema, "mwambie likizo ilirudi."

Nikamweleza mume wangu habari za roshani tukiwa tunakula. Nilimweleza vizuri sana, nilisimama mpaka nikamwonyesha kwa mikono, huku ni kitanda, huku ni roshani, huku ndiyo omo inapanda na kushuka na mawimbi. Aliweka kijiko chini. Naona alizidiwa na furaha, halafu akasema, "Ukipenda wewe, mke wangu, tutalala hata juu ya mlingoti. Lakini mimi ningemsikiliza somo wako." Na hakumaliza chakula chake, na ilikuwa biriani.

Na hapo ndipo paliponitia wasiwasi, kwa maana siku mbili baadaye nilirudi kutoka kazini mapema nikamkuta yuko uani anazungumza na simu kwa sauti ya chini, nikasikia, "Somo, tafadhali, asijue," na aliponiona akasema haya, tutazungumza, akakata. Mama Nzai, mume wangu na somo wangu wana siri gani? Simfikirii mabaya, Mungu anisamehe, yeye si mtu wa hivyo na Bi Biasha ni umri wa mamangu. Lakini labda wamekubaliana kunipa chumba duni ili Bi Biasha apate faida yake kubwa na Swabir apunguziwe? Kama ni hivyo si angeniambia tu? Ningekubali hata kulala sitahani! Ila mahari ni mahari, nilitaja mbele ya sheikh, na nimengoja maisha yangu yote kuiona bahari kutoka juu ya meli badala ya kuiona meli kutoka ufukweni.

Nifuate maneno ya Kaluki nimdanganye somo, nipate roshani? Au ninyamaze niende nikalale na mume wangu kwenye kabati lenye taa? Nampenda sana, lazima nirudie hilo. Naomba unishauri kama unavyomshauri mwanao.

Ni mimi,
Bi harusi wa Bodo


MAMA NZAI ANAJIBU

Marahaba, bi harusi, na hongera sana, wewe na yeye. Barua yako nimeitanguliza mbele ya za wenzako waliokuwa kwenye foleni, watanisamehe. Majina nimeyabadilisha yote kama ulivyoomba, ingawa sioni itakusaidia nini: Bodo nzima bi harusi aliyetaja meli kuwa mahari yake ni mmoja tu.

Nikujibu kwanza lile dogo, la vyumba, maana nimepiga simu kwa watu wawili wanaofanya biashara hiyo kabla sijashika kalamu. Kaluki wako hakukosea yote. Anayejiwekea nafasi mwenyewe anaishika mkononi: akitaka kubadilisha tarehe anabadilisha, punguzo likitoka usiku anaamka nalo, na kampuni inazungumza naye bila kupitia kwa mtu. Hiyo inamfaa msafiri anayejua anachokitaka na aliyewahi kupanda meli. Ajenti naye ana faida zake. Wengine huwa wamechukua vyumba vingi kwa pamoja, kwa hiyo wanaweza kukutafutia nafasi nzuri ambayo wewe hutaiona kwenye simu yako, na mambo yakiharibika bandarini kuna mtu wa kumpigia kelele. Lakini ukishaingia kwa ajenti, umeingia. Kampuni haitakusikiliza, kama ulivyoambiwa. Kutaka chumba bora si lazima umfukuze. Unamwambia yeye akuombee, na ni kazi yake kukuombea. Ukivunja ili uweke upya, arubuni inaweza kwenda, bei inaweza kupanda, na kile chumba ulichoshikiwa kwa mdomo tu na dada wa asali unaweza kukuta ameshapewa mwingine.

Na hata huko kupandishwa daraja, uliza unapandishwa kwenda wapi! Wewe unahesabu kama mtu wa mapokezi: chumba cha juu ni kizuri, cha mbele ni kizuri zaidi, cha nyuma ni cha jenereta. Mwanangu, nyumba yenu ya wageni imejengwa juu ya matumbawe, haiendi popote. Meli inacheza. Na sehemu inayocheza zaidi ni mbele na juu, ndiyo maana wakati mwingine vyumba vya huko hubaki na kugawiwa maarusi pamoja na kapu la matunda. Sehemu iliyotulia kuliko zote ni chini, katikati. Binti wa wavuvi hukuliona hilo? Umezaliwa na kaka wanaosimama kwenye mashua kama wamesimama msikitini, hujawahi hata siku moja kujiuliza mtu mwingine anaisikiaje bahari tumboni mwake.

Sasa rudi uisome barua yako mwenyewe, polepole, bila kumpigia mtu makofi. Umeandika kwamba mumeo huzunguka na Dongo Kundu ili asipande feri. Hakuna mtu duniani anayependa madaraja kiasi hicho. Umeandika kwamba kwenye feri alishika chuma kwa mikono miwili, macho amefumba, jasho linamtoka. Sikatai kwamba alikuwa anamtaja Mola, mimi pia ningemtaja. Alipoalikwa kwenye mashua akafunga saumu, akamwacha samaki wa kupaka. Ulipomweleza jinsi omo inavyopanda na kushuka, tena ukamwonyesha kwa mikono, aliacha biriani. Na somo akakwambia ubebe tangawizi na ndimu. Ewe mtoto, tangawizi na ndimu!

Bahari inamlevya mumeo. Simjui, sijamwona, na huenda nimekosea, lakini sidhani. Kijana wa Mkongani, aliyekulia kwenye ardhi isiyotikisika, amependa binti wa Bodo mwenye baba mvuvi na kaka wavuvi, na siku ya nikahi, mbele ya wanaume wote hao, akaulizwa kama yuko tayari kutoa mahari ya kulala baharini. Ulitaka aseme nini? "Sheikh, mimi nachafukwa na moyo hata kwenye feri"? Kaka zako wangemcheka mpaka Ramadhani. Akakubali kwa sauti ndogo. Wewe ukadhani ni haya.

Kisha akafanya alilofanya mwanamume wa heshima: akaenda kwa somo. Wewe umefundwa, unajua kazi ya somo haiishi jikoni na chumbani. Jambo ambalo mume hawezi kumwambia mke, anampelekea somo, na somo analibeba bila kulimwaga. Bi Biasha alitafuta chumba ambacho mumeo anaweza kukistahimili, akakubali wewe umwone mchoyo na mshamba kuliko kuitoa siri aliyopewa. Umemlipa kwa kumdhania faida. Na karibu umlipe kwa uongo wa likizo, uongo ambao mwenzako ameupanga mpaka na kipande cha kuujalizia! Kaluki ni rafiki mzuri, endelea kula naye mchana, lakini kwa hili usimsikilize. Ukimdanganya somo wako leo, siku utakayokuwa na jambo la kweli la ndoa, utampelekea nani?

Lakini sitakugombeza sana, kwa sababu kosa lako limetoka kwenye kumpenda mtu. Umempenda kwa namna ambayo kila anachokifanya unakiona ni cha ajabu, hata akiumwa. Ni tamu hiyo, na itakusumbua. Mumeo hahitaji kupigiwa makofi anapotokwa na jasho, anahitaji kitambaa.

Fanya hivi. Mzungumze wawili peke yenu, msiwe Bodo, na kaka zako wasikaribie. Usimwambie kwamba umegundua, wala usiseme habari ya simu ya uani. Mwambie tu kwamba umewaza, na si kwa ajili ya roshani unasafiri, unasafiri na yeye, kwa hiyo chumba anachokiona kitamfaa ndicho. Kisha nyamaza. Kunyamaza kwenyewe ndiyo kazi, na kwa jinsi unavyoandika naona utahitaji kujizuia kwa nguvu. Akisema mwenyewe, usicheke, na usilie. Asiposema, mwache, muda wake utafika.

Usimfutie safari. Wanawake wengi wakisikia habari kama hii mara moja wanasema basi, tusiende, tununue makochi. Mwanamume aliyejikaza hivi anataka kutimiza alichokiahidi, na ukimwondolea utakuwa umemwambia hawezi. Lakini mahari ni yako, na mwenye haki anaruhusiwa kuilegeza haki yake. Akishakufungulia moyo, mwambie kwamba mkifika bandari ya kwanza na hali ikawa mbaya, mtashuka, mtarudi nyumbani kwa ndege au kwa njia nyingine yoyote, na wewe mbele ya Mungu umehesabu kwamba mahari umeipokea yote. Ukishamwambia hivyo kwa moyo safi, nadhani atapanda akiwa mwepesi, na huenda msishuke kabisa. Aende pia kwa daktari kabla ya safari, ziko dawa za kumeza, na tangawizi ile ibebe, haikuwa ya mambo mengine.

Na usidhani nakutaka ulale kwenye kabati. Wale wawili niliowapigia wote waliniambia kitu kimoja, kwamba mtu anayelewa na bahari hupata nafuu akiweza kutazama mbali, pale maji yanapokutana na mbingu. Chumba cha ndani kinamtuliza mwili lakini macho yanakosa pa kushika. Kwa hiyo kuna chumba kinachowafaa nyote wawili: sitaha ile ile ya chini, katikati pale pale, ila upande wa ubavuni, chenye dirisha. Roshani hutapata. Utaiona bahari kutoka ndani ya meli, na mumeo atakuwa amesimama kando yako badala ya kuwa amejifungia chooni.

Mpigie dada wa asali, mshukuru, mwambie chumba cha omoni ampe mwingine. Halafu, kabla ya mwisho wa mwezi, nenda Ukunda kwa miguu yako, usitume ujumbe. Ingia ofisini kwa Bi Biasha, mwamkie vizuri, kaa, na umwambie, "Somo, chumba kibaki chini na kibaki katikati, lakini nakuomba unitafutie chenye dirisha." Usiongeze neno. Kama nimekosea, atakuuliza kwa nini umebadilisha mawazo. Na kama hatakuuliza chochote, akaivuta tu kompyuta yake na kuanza kutafuta, mbusu mkono, na uende nyumbani ukampikie mumeo biriani nyingine.

Mama Nzai